Alama nne, kurasa mbili

Mitihani ikikaribia, sisi tunaofundisha ufundi wa umeme hapa Mombasa huulizwa jambo lile lile: "Mwalimu, niandike kiasi gani?" Wengi hutaka waambiwe idadi ya mistari. Mistari haina alama. Kinachopimwa ni hatua za hoja, na mara nyingi idadi yake unaweza kuikisia kwa alama zilizoandikwa kwenye mabano mwishoni mwa swali.

Chukua swali hili: eleza kwa nini fyuzi ya ampea 3 haifai kwenye plagi ya birika la umeme la wati 2,000 linalotumia volti 240. Alama 4.

Mmoja ataandika, "Kwa sababu ni ndogo." Si uongo, ila hata mpita njia angesema hivyo. Mwingine atajaza kurasa mbili: aina za fyuzi, rangi za nyaya, hatari za umeme. Sisi watu wa Pwani ndivyo tulivyo. Ukituuliza pale Mwembe Tayari njia ya Feri, twaanza na habari za nyumbani. Mgeni atafurahi, lakini msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake. Tena katika maneno hayo ya ziada ndimo makosa hujitokeza, nawe hukuulizwa.

Mimi ningeandika hivi: Birika huvuta mkondo wa 2,000 ÷ 240, yaani ampea 8.3 hivi. Mkondo huo umezidi kiwango cha fyuzi. Waya wa fyuzi utapata joto, utayeyuka na kukata umeme. Inayofaa ni ya ampea 13.

Basi. Sentensi ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, na anayeiruka si mjinga. Fyuzi ameshazibadilisha karakana mara nyingi, kwa hiyo haoni haja ya kusema kwamba waya huyeyuka. "Si mwalimu anajua?" Anajua, ndiyo. Anachotafuta ni kama wewe wajua, na hawezi kukupa alama kwa kilichobaki kichwani mwako.

Neno la swali nalo lina uzito wake. "Taja" hutaka jina tu. "Eleza" hudai sababu na matokeo. "Linganisha" haikamiliki ukizungumzia upande mmoja.

Kwenye hesabu, andika kanuni, weka tarakimu, kisha jibu na kipimo chake. Ukikosea kugawanya, njia yako yaweza kukuokolea alama. Jibu tupu likiwa baya, halina cha kuliokoa.

Saa pia hukuonyesha kiasi. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa chini ya dakika 2 kwa kila alama, kwa hivyo swali la fyuzi lisikule zaidi ya dakika 7. Likikushinda, acha nafasi, endelea na jingine, utalirudia.