Laha iliyofichwa bado imo ndani ya faili

Wengi wanaotuma ripoti za mauzo kwa Excel huamini kwamba ukishaficha safu ya mishahara au laha (ukurasa mmoja wa lahajedwali) ya bei za kununulia, mpokeaji hataiona. Sivyo. Kuficha hubadilisha mwonekano tu. Data inasafiri na faili, na kuifichua ni suala la kubofya mara mbili tatu.

Agosti 2023, polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa za umma kwa lahajedwali yenye laha moja iliyofichwa. Humo mlikuwa na majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi wake wapatao 9,500, na faili ikawekwa mtandaoni. Mwaka uliofuata walitozwa faini ya pauni 750,000.

Nenosiri la kulinda laha nalo si kinga. Microsoft wenyewe wanasema ulinzi huo haukukusudiwa kuwa usalama. Unazuia mtu asifute fomula kwa bahati mbaya. Nenosiri la kufungulia faili nzima ni jambo tofauti, hilo husimba data kweli, isisomeke bila nenosiri.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni jedwali la pivoti, yaani jedwali linalojumlisha data nyingi kwa muhtasari. Kwa kawaida hubeba nakala ya data ghafi hata ukilihamishia kwenye faili nyingine: mtu akibofya jumla mara mbili, miamala yote inafunguka. Katika Google Sheets, hata mwenye ruhusa ya kutazama tu anaweza kutengeneza nakala yake na kufichua laha, usipozima kunakili na kupakua.

Ripoti ya kugawa iandaliwe kwenye faili mpya, ukibandika thamani pekee.