Homa ya matumbo: Chicago ilivyokunywa uchafu wake

Homa ya matumbo (taifodi) inaambukizwaje?
Kwa mdomo. Bakteria hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, au cha mtu aliyepona lakini bado anawabeba, wakaingia kwenye maji au chakula. Maji yanaweza kuwa meupe pe, yasiyo na harufu, na bado yakaua.

Chicago inahusikaje?
Mwaka 1837 mji huo wa Marekani ulikuwa na watu kama 4,000. Kufikia 1890 walizidi milioni moja. Vyoo, viwanda na machinjio vilimwaga taka mtoni. Mto uliingia Ziwa Michigan, na ziwa hilohilo ndilo lililonywewa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 1,400.

Hawakujenga mitaro?
Walijenga, tena kwa juhudi ya kushangaza. Ardhi ilikuwa bapa, karibu sawa na ziwa, maji hayakuwa na pa kuteremkia. Mhandisi Ellis Chesbrough akailaza mitaro juu ya barabara, kisha barabara zikafukiwa zikapanda. Nyumba nazo zikainuliwa: mamia ya wanaume walizungusha jeki kwa pamoja, kidogo kidogo, na hoteli ya matofali ikapanda wageni wakiwa ndani.

Ila mitaro yenyewe iliishia mtoni! Ndiyo sababu sioni kama tatizo lilitatuliwa pale, lilisogezwa tu. Mwaka 1867 walianza kuvuta maji kwa handaki lililokwenda kilomita tatu hivi chini ya ziwa, kwa kuwa bomba la zamani, lililokuwa karibu na ufuko, lilifikia hadi kutoa visamaki. Mvua kubwa zikaufikisha uchafu hata huko. Mwaka 1891 pekee homa ya matumbo iliua watu wapatao 2,000.

Kuna simulizi kwamba mvua ya 1885 ilisababisha vifo 90,000. Si kweli, usiisambaze.

Nini kilisaidia?
Januari 1900 mfereji wa kilomita 45 ulifunguliwa, mto ukageuzwa, ukaacha kuingia ziwani. Taka zikaelekea mto Mississippi, jimbo la Missouri, linalopakana na mto huo, likashtaki, likashindwa 1906 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Vifo Chicago vilipungua sana, na klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyoanza kutiwa majini 1912 ikavishusha zaidi.

Nyumbani kwangu hakuna maji ya bomba yaliyotibiwa. Nifanyeje?
Chemsha maji hadi yatokote, yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na uyachote kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika. Choo kisiwe upande wa juu wa mteremko wa kisima. Chanjo ipo, ulizia kituoni.

Homa ikizidi siku tatu, nenda ukapimwe, usinunue dawa dukani kwa kukisia. Ukiandikiwa antibiotiki, maliza dozi yote hata kama homa imekata mapema.