Je, Ndege Inayonguruma Zaidi Ndiyo Yenye Nguvu Zaidi?

Wapenzi wengi wa ndege mjini Tanga, hasa wanaosimama karibu na uwanja kuzitazama zikiruka kwenda Pemba na Unguja, wanaamini kwamba injini inayonguruma zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa injini ileile ikiongezewa mafuta, mlio wake hupanda pamoja na nguvu yake.

Tatizo huanza tunapolinganisha injini za aina tofauti. Ngurumo ya jeti hutokana kwa kiasi kikubwa na hewa ya moto inayotoka nyuma kwa kasi mno na kuchanganyika kwa vurugu na hewa tulivu. Kasi hiyo ikipungua kidogo tu, kelele hupungua sana. Injini za kisasa zina feni pana mbele, inayosukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo zaidi, na hivyo hupata msukumo mkubwa bila kishindo kile. Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, iliyostaafu mwaka 2003 na ambayo mngurumo wake ulijulikana duniani kote, ilikuwa na injini nne zenye msukumo wa takriban kilonyutoni (kipimo cha nguvu ya kusukuma) 170 kila moja; injini moja ya ndege ya abiria Boeing 777-300ER hutoa zaidi ya 500. Kwa maoni yangu, mfano huu pekee unatosha.

Anayetaka kuhakikisha atafute takwimu za msukumo zinazotolewa na watengenezaji, kisha azilinganishe na viwango vya kelele vilivyothibitishwa kwa kila aina ya ndege. Programu ya simu ya kupima sauti husaidia pia, mradi umbali uwe uleule, maana ukisogea hadi nusu ya umbali kipimo hupanda kwa desibeli 6 hivi.