Nani Kakwambia Kongamano Lina Posho?

Mgeni akifika Arusha, kabla hajanywa hata chai ataonyeshwa Mnara wa Saa na kuambiwa kwamba amesimama katikati kabisa ya Afrika, nusu ya safari kati ya Cairo na Cape Town. Tumeyasikia haya tangu tuko wadogo. Ila chukua ramani na rula, piga mstari kati ya miji hiyo miwili, katikati yake inaangukia Kongo, mbali kabisa na mnara wetu. Wanaoutetea huhesabu kwa barabara ya zamani, rula hawaitaki. Sawa tu. Mnara unapendeza, wapiga picha wanapata riziki, na hakuna anayeumia.

Kuna maneno mengine ya Arusha yanayoumiza. Mimi ni fundi wa mashine, karakana yangu iko Pasua, Moshi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipanda Kosta kwenda kukaa kwenye makongamano ya watu wanaojadili namna teknolojia inavyoweza kuinua uchumi wa mkoa. Kila nikirudi, maswali ya majirani ni yaleyale. Na kila mwaka nawaona mafundi wenzangu na vijana wa vyuo wanaacha kwenda, au wanakwenda na kurudi mikono mitupu, kwa sababu ya habari walizopewa na watu ambao hawajawahi kuvuka geti la kongamano.

"Ukienda unalipwa posho"

Nalianza hili kwa kuwa ndilo linaloulizwa kwanza, mke wangu akiwa mstari wa mbele. Linakotoka kunajulikana. Tumezoea semina za miradi: mwandaaji anakuita, unasaini karatasi, unapewa nauli na posho ya kujikimu, jioni unanunua kilo mbili za nyama. Kongamano la kitaaluma limekaa kinyume chake, wewe ndiye unayelipa. Kuna ada ya kujisajili, na humo ndani mna chai ya saa nne, chakula cha mchana, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na mfuko wenye kalamu. Nauli na malazi ni juu yako. Mara nyingi hata mtoa mada naye hulipa, jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote.

Ila ada haiwi moja kwa kila mtu. Anayejisajili mapema kwa kawaida hulipa pungufu, mwanafunzi naye ana bei yake. Waandaaji huhitaji pia vijana wa kukaa mapokezi na kuelekeza wageni, nao huingia bure na kusikiliza kila kitu wakiwa wamesimama mlangoni. Kwa kijana wa Chuo cha Ufundi au wa Ushirika pale Moshi, huo ni mlango mzuri kuliko kukopa.

"Teknolojia ni kompyuta, mimi fundi chuma nitafuata nini?"

Hili ndilo linalonikera, kwa sababu wanaolisema ni watu wa kazi, wenye akili za mikono. Wamesikia neno teknolojia wakaona simu, programu, vijana wenye kompyuta mapajani. Hayo yamo. Lakini mkoa unaotaka kuinuka kwa teknolojia huanza na matatizo yake wenyewe, na matatizo ya huku kwetu mengi yako kwenye maji, udongo, mazao na nishati.

Tazama meno. Mtu aliyekulia chini ya Mlima Meru mara nyingi utamjua akicheka, meno yana rangi ya kahawia. Miamba ya volkano inatoa floraidi, floraidi inaingia kwenye maji, mtoto anakunywa meno yakiwa bado yanajengeka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya huku vinavyopita hapo kwa mbali. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Ndiyo, mifupa ya ng'ombe, ileile ya buchani, inachomwa kwenye tanuri hadi iwe mkaa, maji yanapitishwa humo na floraidi inanaswa. Kompyuta haimo humo. Kuna tanuri, na kuna mtu anayejua moto wake uwe mkali kiasi gani.

Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alichukua kichujio cha mchanga tunachokijua sote, akakiongezea chembe ndogo mno, ziitwazo nano, zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Angalia hapo, "maji ya mahali husika". Tatizo la nyumbani ndilo lililompatia tuzo.

Mifano mingine iko njiani tu. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ilisanifu mtambo wa biogesi wa kuba, ule unaojengwa chini ya ardhi kwa matofali, na mwenye ng'ombe wawili wa zizini anapikia. TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo la Arusha hiyohiyo, inasanifu na kutengeneza vitanda vya hospitali na matanuri ya kuteketezea taka za hospitali. Ukija upande wetu, Lyamungo, watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wametoa miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mche nao ni teknolojia. Mkulima anayepulizia dawa mara chache anabaki na hela mfukoni, na hela hiyo ndiyo uchumi wa mkoa, haijalishi imeandikwaje kwenye slaidi.

Kwa hiyo fundi chuma ana cha kufuata. Nani atachomelea lile tanuri la mifupa?

"Ni mikutano ya wakubwa"

Wakubwa huja kufungua. Wanahutubia, wanapigwa picha ya pamoja, magari yanaondoka. Kuanzia saa tano ukumbi ni wa wahadhiri, maofisa mipango wa halmashauri, wenye viwanda vidogo na wanafunzi. Usiondoke na msafara.

Na kile Kituo cha Mikutano, AICC, kisimtishe mtu. Majengo yale matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata yakafanywa kituo cha mikutano. Ni ofisi za zamani zenye korido ndefu. Utapotea siku ya kwanza kama kila mtu alivyopotea.

"Kiingereza changu hakifai"

Slaidi nyingi zitakuwa za Kiingereza, sitadanganya. Lakini mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliosainiwa hapahapa Arusha 1999, unasema wazi kwamba Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya, na kwenye foleni ya chai utakisikia cha Mombasa, cha Goma na cha kwetu. Uliza swali lako kwa Kiswahili. Nimefanya hivyo mbele ya ukumbi mzima, na profesa akajibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

"Jengeni kituo cha ubunifu, mengine yatakuja"

Hii inasemwa na walio ndani, tena kwa kujiamini. Kila kongamano lazima ainuke mtu ataje Silicon Valley, lile eneo la kampuni za teknolojia kule Marekani, na kudai mkoa wetu ukipata jengo la vioo na intaneti ya kasi, kampuni zitamiminika. Anachosahau ni miaka. Kule Silicon Valley, eneo la viwanda la Chuo Kikuu cha Stanford lilianza 1951, wakati wengi wetu hatujazaliwa. Kule North Carolina, Marekani hiyohiyo, walianzisha eneo la utafiti la Research Triangle Park mwaka 1959, katikati ya vyuo vikuu vitatu ambavyo tayari vilikuwepo, na kampuni ya kompyuta ya IBM ilikuja 1965. Miaka sita ya kungoja, na wenyewe wana vyuo vitatu mlangoni na serikali ya jimbo nyuma yao. Jengo lilifuata watu na maarifa yaliyokwisha kukaa pale.

Huku kwetu maarifa yamekaa kitambo. Wachaga walikuwa na chama kikuu cha ushirika cha kahawa, KNCU, tangu 1933. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza 1963, leo ni chuo kikuu. Kati ya Lyamungo, Moshi, Tengeru na Njiro kuna watafiti, mafundi na wanunuzi ambao hawajuani, ilhali kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita themanini tu. Binafsi, ningepewa hela ya jengo ningenunua Kosta mbili za kuwapeleka wakatembeleane.

"Usionyeshe kitu chako, utaibiwa"

Hapa pana ukweli kidogo, ndiyo maana panahitaji uangalifu. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, na ukishaueleza hadharani, mbele ya watu mia mbili wenye simu za kupigia picha, upya huo unaweza kuisha. Sheria za Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 baada ya kutangaza. Ulaya ni wakali, kwa kawaida ukishatangaza basi. Kwa hiyo kama una kitu ambacho kweli hakijawahi kuwepo, pita BRELA kwanza, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ndiko hataza zinakosajiliwa kwa Tanzania Bara.

Lakini tuambiane ukweli. Vingi tunavyoficha chini ya turubai ni mashine za miaka mingi tulizozibadilisha mkono wa kuzungushia. Wazo tupu halipewi hataza. Wewe zungumzia tatizo na matokeo, vipimo vya ndani baki navyo.

"Nenda na andiko, wafadhili watakuwepo"

Niliwahi kuamini hivi kabisa. Mara yangu ya kwanza nilikwenda na andiko la mradi la kurasa kumi na nane, limechapwa steshenari kwa hela ya kukopa, ndani yake bajeti ya kununulia mabati ya shaba ya kuvisha mashine za kahawa. Nilimpachikia kila mwenye tai. Mmoja alilipokea kwa heshima zote, akalifunikia kikombe chake cha chai nzi wasiingie.

Hakuwa na ubaya. Ruzuku ina muda wake wa maombi, fomu zake na kamati yake. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa mfano, hutangaza kwa maandishi. Aliyekaa nawe mezani hana kitabu cha hundi mfukoni, anachoweza kukupa ni kukwambia maombi yanafunguliwa lini na ni kitu gani huwaangusha wengi.

Safari iliyofuata niliacha makaratasi nyumbani. Nilibeba ngoma ya mashine ya kumenyea kahawa mbivu, iliyochakaa, ndani ya mfuko wa salfeti. Getini kijana wa ulinzi akaupitisha mfuko kwenye mtambo, mtambo ukapiga kelele.

"Shikamoo mzee. Hiki nini tena?"

"Marahaba mwanangu. Ngoma ya kahawa."

"Mzee, ngoma zipo kwenye burudani ya jioni."

Nikaifungua akaiona. Kwa asiyeijua: ni silinda iliyovishwa bati la shaba lenye vinundu, inazunguka ikiibana kahawa kwenye bamba la chuma, ganda linatokea huku, punje kule. Nafasi ikiwa finyu punje inakatwa, na punje iliyokatwa hubadilika rangi ikichachushwa na kushusha daraja la kahawa nzima. Nafasi ikiwa pana, kahawa ndogo inapita na ganda lake. Wateja wangu walilalamika punje zinakatwa, nami nilishahukumu kwamba kosa ni la bati kulika.

Saa ya chai niliiweka mezani kati ya sambusa na vikombe. Watu walikusanyika kuliko kwenye mabanda ya maonyesho. Mama mmoja mtafiti wa mazao, umri wa mdogo wangu wa mwisho, alipitisha kidole kwenye vinundu.

"Mzee, kahawa inayopita hapa ni ya mkulima mmoja au ya kijiji?"

"Ya kijiji kizima, daktari."

"Mnaichambua kwa ukubwa kabla ya kumenya?"

Hatukuwa tunaichambua. Mibuni ya zamani na ile miche mipya, iliyonyeshewa na isiyonyeshewa, yote ilimwagwa kwenye mdomo mmoja wa mashine iliyokazwa nafasi moja. Hata ngoma mpya ingekata. Aliomba kalamu, akageuza ratiba ya kongamano na kuchora nyuma yake chekeche mbili, moja juu ya nyingine, yenye matundu makubwa juu, na mashine mbili zilizokazwa tofauti. Ikachukua muda wa sambusa moja. Chekeche nilizitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya nondo na wavu, kahawa ilipoanza kuiva nikazipeleka kijijini, na punje zilizokatwa zikapungua kiasi cha kuonekana kwa macho kwenye kila debe. Bati la shaba ninalo lilelile.

Nilipokuwa natoka, yule kijana wa getini akanitazama na salfeti langu begani. "Pole mzee, hawajanunua?"

Ile ratiba nimeibandika ukutani karakanani, juu ya mashine ya kuchomelea. Mchoro ndio unaoonekana. Upande wenye majina ya waliofungua umegeukia ukuta.