Je, wajua kwa nini sifuri za mwanaikolojia hupotea kwenye jedwali?

Ndani ya Ziwa Gatún, kwenye Mfereji wa Panama, kuna kisiwa kinaitwa Barro Colorado. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakihesabu miti kwenye hekta 50 za msitu wake, mti mmoja mmoja. Sehemu ya hesabu hizo imo kwenye vegan, pakeji (nyongeza) ya R, programu ya takwimu, kwa hiyo mwanafunzi yeyote anaweza kuichezea: ploti 50 za hekta moja moja, spishi 225.

Jedwali hilo ni pana. Kila ploti ina mstari wake, kila spishi ina safu yake, na zinapokutana imeandikwa idadi ya miti. Hivyo ni visanduku 11,250. Lakini hekta moja ina wastani wa spishi 91 hivi, kwa hiyo zaidi ya nusu ya visanduku ni sifuri tupu.

Umbo hilo linafaa kupimia bioanuwai, au kujua ploti zipi zinafanana. Ukitaka kuchora grafu, au kuona kama udongo unaathiri idadi ya miti, mara nyingi utahitaji jedwali refu: safu ya ploti, ya spishi na ya idadi, basi. Kugeuza siku hizi ni amri moja tu ya R: pivot_longer kwenda kwenye refu, pivot_wider kurudi kwenye pana.

Kinachosumbua ni sifuri. Mtu akiwa msituni na karatasi yake huandika alichokiona; haandiki "msufi: hakuna". Data nyingi basi huzaliwa ndefu, bila sifuri. Chukua huyo huyo msufi, ule wa kujazia mito, ambao nao upo Barro Colorado. Tuseme imeonekana misufi 30 katika ploti 10. Jedwali refu litakuwa na mistari 10 ya msufi, na ukiomba wastani utaambiwa 3 kwa hekta. Zile ploti 40 zisizo na msufi hazimo, kwa hiyo hazikuhesabiwa wakati wa kugawa. Wastani wenyewe ni 30 kwa 50, yaani 0.6. Umeongeza misufi mara tano, na kompyuta haijalalamika.

Ukilipanua jedwali, visanduku hivyo vinarudi, ila vikiwa na NA, alama ya "haijulikani". Wengi hapo hujaza 0 kila mahali, haraka haraka. Taratibu kwanza! Ploti iliyokaguliwa ikakosa msufi ni 0. Ambayo mvua iliwazuia watu kufika ni NA, na ibaki hivyo. Aliyekuwepo ndiye anayejua ipi ni ipi.

Inayonitisha zaidi ni ploti iliyokaguliwa vizuri isikutwe na mti hata mmoja. Hiyo haina mstari wowote kwenye jedwali refu, na hata ukipanua hairudi. Ndiyo maana orodha ya ploti zote zilizotembelewa huwekwa kwenye faili lake, na jedwali huunganishwa nayo kabla ya kukokotoa chochote.