"Mtanzania Hanywi Mvinyo Usio na Sukari" na Dhana Nyingine Zinazowafukuza Wanywaji Wapya

Wiki iliyopita nilikuwa nikipitia orodha ya vinywaji na mwenye hoteli mmoja hapa Dodoma, mzee mwenye biashara iliyosimama vizuri. Nilipopendekeza aongeze mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc, zinazolimwa mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwake, alilifunga daftari na kuniambia: "Mshauri, tusidanganyane. Mtanzania hanywi mvinyo usio na sukari." Kauli hiyo nimeisikia kwa wenye baa, kwa wasambazaji, kwa wasindikaji, na mara moja hata kwa bwana harusi. Naiandikia majibu leo ili siku nyingine nimkabidhi mtu karatasi asome, nami niendelee na chai yangu.

Dhana: Mnywaji mpya anataka sukari

Mnywaji mpya anataka kinywaji kitamu, na neno hilo ndilo linalotuponza. Katika Kiswahili pilau huwa tamu, hadithi huwa tamu, na usingizi wa alfajiri huwa mtamu kuliko wote, wala hakuna anayedhani kwamba mpishi amemwaga sukari kwenye sufuria ya pilau. Mteja anapomuuliza mhudumu, "Huu ni mtamu?", mara nyingi anachouliza ni kama ataupenda. Mhudumu, ambaye amefundishwa kwamba mvinyo ni wa aina mbili tu, mtamu na mkavu, husikia ombi la sukari na kuleta chupa yenye sukari. Mwisho wa mwezi mwenye baa huhesabu chupa zilizotoka na kupata "ushahidi" kwamba wateja wake hawawezi kitu kingine.

Neno la pili linalotuponza ni "mkali". Mtu anayeonja mvinyo kwa mara ya kwanza, akakunja uso na kusema ni mkali, anaweza kuwa na lalamiko mojawapo kati ya manne yasiyohusiana. Huenda ni ukakasi wa tanini, ile hali ya ulimi na fizi kukauka kana kwamba umetafuna bibo au ndizi mbichi. Huenda ni uchachu wa asidi. Huenda ni mvuke wa pombe unaompanda puani kwa sababu mvinyo una joto. Au huenda chupa ilifunguliwa Ijumaa, leo ni Jumatano, na alichopewa kinaelekea kuwa siki. Sukari huyafunika yote manne bila kuondoa hata moja, kama viungo vingi vinavyotiwa kwenye nyama iliyolala.

Wanaosema ulimi wetu ni wa sukari tu sijui wanakula wapi. Watu hawa hawa hununua embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili, humung'unya ukwaju njiani, hunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo huko pwani bila hata chembe ya sukari, na jioni huagiza bia ambayo uchungu wake wa hopsi ungemliza mtoto. Ulimi uliozoea ukwaju na kahawa chungu hauogopi mvinyo mkavu, ila unaogopa mvinyo mbovu, na hapo uko sahihi.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, wakati jua la Dodoma halina huruma, niliwafundisha wahudumu kumi na wawili wa baa moja ambayo mwenyewe alikuwa na imani hiyo hiyo. Niliwamiminia mvinyo mwekundu mkavu kwa zamu tatu bila kuwaambia kwamba ni mvinyo uleule. Glasi ya kwanza ilitoka kwenye chupa iliyokuwa imekaa wazi kaunta siku tano, kama walivyokuwa wakiwauzia wateja. Ya pili ilitoka kwenye chupa mpya iliyoshinda rafuni. Ya tatu ilitoka kwenye chupa mpya iliyokaa kwenye friji saa moja na nusu, na pamoja nayo nilileta sinia la mishikaki. Kwa glasi ya kwanza, binti mmoja aliniuliza kwa adabu kama ile ni siki ya kachumbari. Ya pili wote waliiita kali. Ya tatu walikunywa kimya, wakamaliza mishikaki, kisha mmoja akauliza bei ya chupa. Mwenye baa alinivuta pembeni na kuniuliza ile ya tatu nimeitia sukari kiasi gani. Sijidai kwamba huo ulikuwa utafiti wa kisayansi. Nasema tu kwamba nimerudia zoezi hilo sehemu nyingine na nimekutana na nyuso zilezile.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao wateja wangu wameuchoka, ni kwamba "joto la chumba" lifutwe kabisa kwenye mafunzo ya wahudumu. Maneno hayo yalizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya zilizokuwa baridi, ambako chumba cha kulia kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam kina nyuzi 30, na mvinyo mwekundu katika joto hilo hutoa pombe puani kabla ya kutoa harufu ya tunda. Mwekundu upewe nyuzi 15 hadi 17, mweupe 8 hadi 12. Asiye na kipimajoto atumie ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji, si barafu tupu, kwa maana maji ndiyo yanayoifikia chupa pande zote. Lakini mwekundu usigandishwe kama bia, kwa sababu baridi kali huuongeza ukakasi, na hapo tutakuwa tumetoka kwenye kosa moja na kuingia kwenye jingine.

Wengi pia hudhani kwamba mvinyo mkavu ni ule "ulionyimwa" sukari kiwandani. Zabibu huingia kwenye tangi na sukari yake yenyewe, na hamira huigeuza sukari hiyo kuwa pombe. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia moja ya pombe, hivyo mvinyo wa asilimia 13 ulianza safari yake ukiwa na zaidi ya gramu 200. Hamira ikiimaliza kazi, tunaita mkavu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na mtamu huanzia gramu 45. Soda ya kola, kwa kulinganisha, inakaribia gramu 100. Neno "mkavu" lenyewe ni balaa, maana mteja ana haki ya kushangaa kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu. Nawaomba wenye hoteli walitoe kwenye menyu, pamoja na maneno ya Kifaransa ambayo hata aliyeyaandika hawezi kuyatamka, na badala yake waandike kile ambacho mtu atakikuta mdomoni: hauna sukari, una uchachu wa embe bichi, unanywewa baridi, unakwenda na samaki. Ukakasi, uchachu, zambarau, bibo, ukwaju: lugha yetu ina msamiati wa kinywa ulio tajiri, nasi tunaazima maneno ya watu ambao hawajawahi kuonja bibo.

Dhana hii inaniuma kuliko nyingine zote kwa sababu inaanzia baa na kuishia shambani. Dodoma ina bahati ambayo nchi nyingi zenye zabibu hazina: mizabibu hailali kwa baridi, na mkulima akipogoa kwa mpangilio huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Februari na Machi hukutana na mvua, zabibu hujaa maji na ukungu huwa mwingi. Mavuno ya kiangazi, kuanzia Julai hadi Septemba, ndiyo yenye sukari na ladha iliyokolea. Anayetengeneza mvinyo usio na sukari hana mahali pa kujificha, hivyo atalazimika kuchagua zabibu, kuzipokea mapema asubuhi zikiwa bado na ubaridi, na kumlipa zaidi mkulima wa Mpunguzi au Hombolo aliyetunza shamba. Anayeamini kwamba mteja anataka sukari tu hana sababu ya kufanya lolote kati ya hayo. Kwake zabibu nzuri na mbaya huingia mzani mmoja kwa bei moja. Kisha tunakaa kwenye vikao kuulizana kwa nini kuna misimu ambayo wakulima hukosa wanunuzi na zabibu huozea shambani.

Sina ugomvi na mvinyo mtamu. Dompo imewaingiza wengi kwenye ulimwengu wa zabibu, na ikinywewa baridi, kwa kiasi kidogo, baada ya chakula, ina heshima yake. Nisichokubali ni hesabu ya kwamba mnywaji wa mvinyo mtamu "atapanda daraja" mwenyewe bila mtu kumwonjesha kitu kingine. Atakunywa huohuo mpaka atakapouchoka, kisha atarudi kwenye bia.

Dhana: Mtu hawezi kuanza bila kununua chupa nzima

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Anayetaka kujaribu hatanunua glasi tano za kitu asichokijua ilhali bia anayoijua iko mezani pa jirani. Muuzieni nusu glasi. Kama hofu ni chupa kubaki wazi na kuharibika, basi chukueni mvinyo wa boksi, na hapa nakutana na dhana nyingine, kwamba boksi ni alama ya uhafifu. Mfuko ulio ndani ya boksi hunywea kadiri mvinyo unavyotoka, hewa haiingii, na ladha hudumu wiki kadhaa, wakati chupa iliyofunguliwa ina siku tatu tu, nne ikiwa ndani ya friji. Ubora huamuliwa na kilichotiwa ndani ya boksi. Kifuniko cha kusokota nacho hakina kosa lolote. Watengenezaji wengi wa Australia na New Zealand waliacha vizibo vya gome la mti kwa hiari yao.

Dhana: Mvinyo ukikaa huzidi kuwa mzuri

Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ile chupa mliyopewa siku ya harusi, iliyosimama kwenye kabati la vioo sebuleni karibu na vikombe visivyotumika, huku jua la saa kumi likiipiga kila siku, haizeeki kwa heshima. Inapikwa. Ifungueni Jumapili hii.

Dhana: Mvinyo mwekundu huongeza damu

Hauongezi. Damu hutengenezwa kwa madini ya chuma, foliki na lishe inayoeleweka, na kiasi cha madini ya chuma kilichomo kwenye glasi ya mvinyo ni kidogo mno. Kinachonikasirisha ni kwamba wauzaji wanaijua dhana hii na wanaiacha iwasaidie, hata pale anayeletewa chupa ni mama mjamzito, mtu ambaye hapaswi kunywa pombe kabisa na ambaye kliniki humpa vidonge vya kazi hiyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Tasnia inayotaka kuaminiwa na wanywaji wapya haina budi kuuza mvinyo kama kinywaji cha mezani, na dawa iwaachie wenye dawa.

Dhana: Dunia inahamia kwenye mvinyo, soko litakuja lenyewe

Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo, lenye makao yake Dijon, lilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilikunywa takriban hektolita milioni 214 (hektolita moja ni lita 100), kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Ufaransa yenyewe, mwaka 2023, ilitenga euro milioni 200 ili mvinyo uliokosa wanunuzi ukenekwe kuwa spiriti ya viwandani. Kama hao wanahangaika, sisi tunangoja nini? Na niseme waziwazi ninaposema wanywaji wapya namaanisha nani: watu wazima wanaokunywa bia au pombe kali tayari. Asiyekunywa kwa imani yake au kwa uamuzi wake hana deni nasi, na aliye chini ya miaka 18 hatuna habari naye.

Dhana: Mvinyo unakwenda na jibini na chakula cha kizungu

Tangu wamisionari Wakatoliki walipopanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, mvinyo wa Dodoma umekaa jirani na chakula cha Dodoma, lakini menyu zetu bado zinaupanga kando ya jibini ambayo jiko halina. Jaribuni hivi: mweupe usio na sukari, uliotoka kwenye ndoo ya barafu, pamoja na kitimoto ya kukaanga, ndimu, kachumbari na ndizi za kuchoma. Uchachu wa mvinyo huyakata mafuta ya nyama kama ndimu inavyofanya, na pilipili haigombani nao kwa kuwa pombe yake ni ya wastani. Kwa mbuzi choma, mwekundu uliopozwa, kwa sababu mafuta na chumvi ya nyama huulainisha ukakasi mpaka mnywaji asiuone. Yule mzee wa hoteli nilimwachia chupa mbili bila malipo, nikamwomba jambo moja tu, kwamba asizifungue ofisini, bali azipeleke kule nyuma jikoni saa ya chakula cha wafanyakazi.