Cheti cha jina la biashara si kampuni, jamani

Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, kipo ukutani dukani Ngamiani, Tanga, kimewekewa fremu, hongera. Ila kama ni cheti cha jina la biashara, kisheria duka bado ni wewe. Deni la duka ni lako. Hukumu ikitoka, dalali wa mahakama hatamtafuta "Fulani Enterprises", maana mtu huyo hayupo; atakuja kwenye pikipiki yako na kiwanja chako cha Pongwe. (Nyumba unayoishi na familia sheria huikinga, mradi hukuiweka rehani.) Na wewe ukimdai mtu, fungua kesi kwa jina lako, "anayefanya biashara kwa jina la Fulani Enterprises", la sivyo inaweza kutupwa kabla deni halijazungumzwa.

Wanaonichosha kabisa ni wawili waliosajili jina pamoja, halafu mmoja anatamba ana "hisa asilimia 70". Hisa za wapi? Jina la biashara halina hisa. Mlicho nacho ni ubia, na unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Msipokubaliana vingine, faida ni nusu kwa nusu na hasara vilevile, hata kama wewe ulileta jokofu, mizani na mtaji, mwenzako akaleta maneno. Akikopa barafu na mafuta ya boti pale soko la samaki la Deep Sea kwa kazi ya ubia, amekukopea na wewe, na mwenye mali anaweza kukudai deni zima. Basi andikeni: nani kaleta nini kwa shilingi, faida inagawanywaje, nani anasaini benki, deni la kuanzia kiasi gani linataka saini mbili. Sharti hilo la saini linawabana ninyi tu. Muuzaji asiyelijua halimhusu. Andikeni pia mmoja akifa au akijitoa, fungu lake linathaminiwaje na kulipwa kwa muda gani. Hapo ndipo watu huruka, eti "sisi ni ndugu".

Jina pia si alama ya biashara, yaani nembo inayotambulisha bidhaa yako. Alama ina maombi yake, hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Unapeleka mzigo Pemba? Sajili alama tena Zanzibar, kwa BPRA, wakala wa usajili wa huko. Usajili wa bara hauvuki maji.

TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Leseni ya duka, nenda halmashauri. Mkataba wa pango ulipiwe ushuru wa stempu, vinginevyo mahakama haitaupokea.

Sasa kila mtu afungue kampuni? Hapo nami nasita. Kampuni haipati kodi ya makadirio, ile inayokadiriwa kwa mauzo, anayopata mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Inalipa asilimia 30 ya faida na kupeleka ritani (taarifa zake) BRELA kila mwaka, iwe imeuza au imelala. Benki nayo hutaka dhamana binafsi ya wakurugenzi, na ukishaisaini, kwa mkopo huo ile kinga ya kampuni uliyoigharimia, ya deni lake kutogusa mali yako, haipo. Mama ntilie wa Makorora simshauri. Mwenye lori linalobeba mali za watu namshauri, tena kabla ya safari ya kwanza. Walio katikati, nawauliza kwanza wanadaiwa na nani.